Alama Tano na Nusu za Kamanda

Kwenye wodi ya wazazi tunamwita Kamanda, na mwenyewe anajua. Amekuwa mkunga kwa miaka ishirini na miwili. Mimi ni mkunga mwenzake, na sitajifanya sina upande: waliomfanyia haya siwapendi hata chembe.

Alikuwa na stashahada, akaomba nafasi ya kusomea shahada. Chuo kikuu kikamkubali, ila kwa sharti: alete cheti cha Kiingereza chenye alama sita kati ya tisa kila sehemu kabla mwezi haujaisha. Huyu ni mtu ambaye mafaili yote ya wagonjwa anayajaza kwa Kiingereza. Nilipomwambia huo ni uonevu, akanijibu, "Wee tulia. Mtihani tu huo."

Kusoma, kusikiliza na kuzungumza alipita bila shida. Kwenye kuandika wakampa swali: je, ni haki kuwafungia wanyama ili watu wawatazame? Maneno yasipungue mia mbili na hamsini. Kamanda akaandika kama anavyoandika kwenye faili: hali ilivyo, athari zake, hatua ya kuchukua. Maneno tisini. Akaandika saa na kutia sahihi, akakaa kuwasubiri wenzake wamalize. Wodini kwetu, ukirefusha maneno, daktari wa zamu haoni upesi kwamba mama anavuja damu.

Akapata tano na nusu.

"Si ungejazajaza tu, shoga yangu," nilimwambia.

"Nijaze nini? Nilikuwa nimeshamaliza kusema."

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Nilimkuta stoo, mlango ameurudishia, anakunja mashuka huku analia kwa hasira. Siku hiyo nilikichukia chuo kile, na mpaka leo nakichukia.

Haikupita miezi miwili, barua ikaja kutoka chuo hichohicho. Wanaleta wanafunzi wanane wa shahada kwa mafunzo ya vitendo, na wanamwomba yeye, kwa uzoefu wake mkubwa, awafundishe na kuwaandikia tathmini. Kwa Kiingereza.

Akawajibu kwamba Kiingereza chake hakijafikia kiwango cha chuo, akaambatisha matokeo.

Siku ya wanafunzi kuripoti, mhadhiri wao alikuja nao, barua ya Kamanda mkononi. "Dada, ule ni utaratibu tu wa udahili. Sisi tunajua unaweza."

"Mlijua lini?" Kamanda akamuuliza.

Yule bwana akaanza kueleza habari za kamati. Kamanda hakumsubiri amalize. Kitanda cha nne kulikuwa na mama anasukuma, akavaa glavu akaenda.

Wanafunzi wanane walibaki wamesimama kwenye korido na makoti yao mapya, hawana wa kuwaambia waanzie wapi. Hawakuwa na kosa, najua. Niliwapita bila kuwasalimu.