Bendera Iliyofunga Mkono wa Gunvor

Nakumbuka siku niliyosema ndiyo huku magoti yangu yakisema hapana. Ilikuwa milimani Alps, nami nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Mwanangu, usicheke kwanza. Juzi ulipoaga kwamba unakwenda huko kupanda njia "fupi tu", nikakuuliza kama ni salama, ukanijibu kwa lugha ya huku, "Det är lugnt, mama", yaani hamna taabu. Ilikuwa kama najisikia mwenyewe nikisema siku ile.

Wakati ule nilikuwa muuguzi mgeni huku ughaibuni, katika hospitali ya Flemingsberg. Msimamizi wa wodi yetu, Gunvor, mama wa miaka sitini mwenye miguu ya mwanariadha, kila majira ya baridi aliwapeleka wauguzi wachache Alps. Mimi nilikuwa nimejifunza kuteleza kwa ski, zile mbao za miguuni za kwenye theluji, misimu miwili tu, tena kwenye kilima ambacho hata mbuzi angekidharau. Nikaomba kwenda, akakubali. Wakenya wenzangu wa kanisani kwetu, mtaani Alby, waliposikia wakanifanyia sherehe. Pilau ikaliwa, maombi yakaombwa, na shemasi akanikabidhi bendera ya Kenya.

"Dada Rehema, utuletee picha ukiwa nayo juu kabisa," akasema. Nikaahidi mbele ya kanisa zima.

Njia ilikuwa fupi kweli. Saa mbili za kupanda, kisha unateleza na ski mpaka chini. Ila sehemu ya mwisho ilikuwa ufa mwembamba wa theluji kati ya majabali mawili, umesimama kama ngazi ya kupandia darini, na jua likishaupiga, theluji yake hulegea na kuporomoka. Chini ya ufa huo Gunvor alitusimamisha, tukiwa wanne pamoja naye. Alikuwa na desturi ya kumwuliza kila mtu: ndiyo au hapana? Hapana moja ilitosha kuwarudisha wote, na hakuna aliyedaiwa sababu.

Nilitaka kusema hapana. Lakini nikaikumbuka bendera mkobani, nikamkumbuka shemasi, tena nikaona haya mgeni niwaharibie wenyeji safari yao. Nikasema, "Ndiyo, hakuna shida."

Katikati ya ufa miguu ikagoma. Kupanda siwezi, kushuka siwezi. Nililia kwa sauti, sikufichi, na jua lilikuwa linakuja. Gunvor akashuka, akanipita, akasimama chini yangu, akawa anaushika mguu wangu mmoja mmoja na kuukita kwenye theluji, huku wenzetu wawili wakishuka nyuma yetu bila kulalamika. Tulipokaribia chini kabisa niliteleza nikamwangukia, mkono wake ukavunjika. Tukajikokota kando. Muda si muda tukasikia ngurumo, na theluji yote ya ule ufa ikateremka pale tulipotoka.

Nilitoa bendera, maana ndiyo kitambaa kikubwa nilichokuwa nacho, nikamfunga mkono kifuani kwa uangalifu wote niliofundishwa. Aliningoja nimalize.

"Rehema," akasema, "sikukuuliza ili unifurahishe. Niliyaweka maisha ya watu wanne juu ya jibu lako, na jibu lenyewe lilikuwa la uongo."

Kisha akaitazama ile bendera. "Rangi nzuri. Inafulika?"

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani Alby na picha niliyokuwa nayo: Gunvor mkahawani, kikombe mkono mmoja, bendera yetu imeubeba mwingine. Nikawaeleza yote, hata kile kilio. Halafu shemasi akaangua kicheko: "Sisi tumekutuma ukaipandishe, wewe umeitia kazini!" Ile aibu niliyoiogopa mpaka nusura niue watu iliisha kabla ya chai.

Basi mwanangu, siku ukiulizwa, mlimani au kazini au na mtu anayetaka kukuoa, ujibu lililo moyoni mwako, hata kama umeshafanyiwa sherehe. Na mwenzako akisema hapana, geuka naye bila kununa. Bendera ile ninayo bado, ukitaka ichukue, ila ukaipakie pamoja na bandeji.

Mungu akupandishe salama na akushushe salama, akupe ulimi usiomwogopa mtu, na Jumapili akuketishe mezani kwangu ukiwa na mikono yako yote miwili, maana chapati zitakuwa nyingi.