Wasichana wa Darasa la Saba

Wegesa alipoingia ofisini kwa Mwalimu Cleophas, hakuuliza shule ilishika nafasi ya ngapi. Alisalimia, akakaa kwenye benchi, akauliza, "Mwalimu, darasa la saba lina wasichana wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Na walipokuwa darasa la nne?"

Mwalimu Cleophas, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Mugumu miaka sita iliyopita, alivua miwani. "Mama, wewe ni mkaguzi?"

"Mimi ni fundi cherehani. Nataka kununua nyumba hapo nyuma ya kisima."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akafungua kabati na kutoa madaftari ya mahudhurio. Walikuwa arobaini na watano. Wawili walihamia Mwanza na baba yao askari, mmoja alifariki kwa malaria. Wegesa akamwomba amsomee majina ya darasa la nne, darasa ambalo binti yake Gati angeingia. Mwalimu akasoma: Faudhia, Gift, Honoratha, Bhoke, Achieng, Osward, Nyamizi. Watoto wa manesi, wa walimu, wa askari wa hifadhi, wa wauza nyanya. Wakurya, Waikoma, Wajaluo, Wasukuma. Aliyasikiliza majina hayo mpaka la mwisho.

"Watu huniuliza ufaulu," Mwalimu alisema.

"Na mimi ndio nauliza huo."

Binti yake wa kwanza, Bhoke, alisoma kwenye kijiji cha kina mume wake, upande wa Tarime. Shule ilikuwa na walimu wazuri na bati jipya, na watoto wote walikuwa wa ukoo mmoja. Mwaka Bhoke alipokuwa darasa la sita, wazee walitangaza msimu wa tohara ya wasichana. Wegesa alikataa. Alimfungia mtoto ndani wiki nzima, akalala mlangoni. Lakini wenzake Bhoke walikuwa wakipita nje wakiimba, wakimwita mosagane, yaani msichana ambaye bado ni mtoto, asiyehesabiwa. Siku ya nane Bhoke alitoka dirishani, akaenda mwenyewe kwa miguu yake, kwa sababu darasani kwao alikuwa amebaki peke yake. Mwaka uliofuata ng'ombe tisa waliingia zizini na Bhoke akaondoka. Mtihani wa darasa la saba hakuufanya.

Watu walimwambia Wegesa ndivyo mambo yalivyo. Yeye aliyatafakari miaka mingi, akiwa kwenye cherehani, akafikia jambo moja. Kumlinda mtoto mmoja dhidi ya darasa zima haiwezekani. Kinachowezekana ni kumtafutia darasa jingine.

Ndiyo maana Gati alipotimiza miaka tisa, Wegesa alianza kumsumbua mumewe, Method, wanunue nyumba. Wakati huo walikuwa wamepanga Machochwe, ambako Method alikuwa na karakana ya useremala. Method hakuwa mbishi, ila alipenda eneo kubwa. Alikuwa ameona kiwanja Nyambureti, ekari mbili na nyumba ya tofali za kuchoma, bei ya kawaida. Wegesa akaenda, akakaa karibu na bomba la shule wakati wa mapumziko, akawauliza watoto kwao ni wapi. Watoto walikuwa na adabu, wakamwamkia shikamoo mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa ndugu.

"Hapana," alimwambia Method jioni.

"Hapana nini? Shule si ipo pale pale?"

"Ipo. Ila wote ni wa nyumba mbili tatu. Wakiamua jambo, wameamua wote."

"Mama Bhoke, unanunua nyumba au unanunua shule?"

"Nanunua wenzake Gati."

Method alianza kubandua gundi ya mbao iliyomkaukia kwenye kidole gumba. Nyumba ya Mugumu ilikuwa na vyumba viwili na uwanja usiotosha hata kufuga mbuzi. Na ili kuinunua ilibidi wauze ng'ombe tisa wa Bhoke.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Ng'ombe wa mahari ya binti hutengewa kaka yake aolee. Hawauzwi. Hao tisa walikuwa zizini kwa Magige, kaka mkubwa wa Method, wakimsubiri Danford, kaka yake Bhoke, ambaye alikuwa akisoma chuo cha ufundi Musoma. Wegesa alimpigia simu Danford kwanza. Kijana akasema, "Mama, wale ng'ombe nikiwaona namwona dada. Uza. Mimi nitajitafutia."

Walikwenda kwa Magige siku ya Jumapili. Magige aliwakaribisha vizuri, uji wa mtama na kila kitu, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Ardhi ninayo, nakupa bure. Pale kwa mama, pembeni ya migomba. Wewe unataka kwenda kununua kibanda cha wageni?"

Method aliangalia chini.

"Shemeji," Wegesa alisema, "ardhi yako tunaishukuru. Shule yake ndiyo siitaki."

"Shule hiyo nimesoma mimi. Amesoma mume wako. Tuna kilema?"

"Ninyi ni wanaume."

Vijana wa nyumbani walioegemea ukuta walicheka, kisha wakajizuia. Magige akasema polepole, "Mke wetu, ng'ombe hao ni wa ukoo."

"Wameingia kwa jina la mwanangu, kwa nyumba yangu. Mila hiyo umenifundisha wewe mwenyewe, siku nilipotaka kuuza ndama nimtibu mama yangu. Ulisema ng'ombe wa nyumba ya mke mmoja hawauzwi kwa shida ya pengine. Hii si shida ya pengine."

Magige alisema tu kwamba mtu anayekwenda kukaa na wageni atazikwa na wageni. Method akainuka. "Basi tuzikwe nao," alisema kwa sauti ndogo, akaenda kufungua zizi. Wegesa hakuwa amemwomba aseme hivyo.

Nyumba waliinunua. Ilivuja mvua ya kwanza. Gati alirudi kutoka shuleni wiki ya kwanza akilia kwa sababu watoto wa waajiriwa walimcheka Kiswahili chake, na Wegesa alikaa kitandani akijiuliza kama amefanya ujinga mkubwa. Shangazi yake Method alipofariki, walikwenda msibani wakaketishwa upande wa wageni, wakaletewa chakula mwisho. Method alikula bila kuinua kichwa. Hayo yote Wegesa aliyapokea. Hakusema yalikuwa matamu.

Desemba ya mwaka uliofuata wazee walitangaza msimu. Siku ya tatu, Waisiko, mke wa Magige, alishuka kwenye pikipiki na mkungu wa ndizi.

"Nimekuja kumchukua Gati. Akamsalimie bibi likizo hii."

Wegesa alimwekea chai. Alikuwa na jibu lake mdomoni, lakini alijua jibu lake halikumsaidia Bhoke. Akamwita Gati, aliyekuwa nje akirusha mpira na Honoratha na Faudhia.

"Mama mkubwa anakuuliza kama utakwenda."

Waisiko alimvuta mtoto karibu, akamwambia kwa Kikurya kwamba wasichana wote wa rika lake wanajiandaa, zawadi zipo, na atakayebaki atabaki mosagane.

Wegesa alishika ukingo wa meza.

"Wote nani, mama mkubwa?" Gati aliuliza. Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza kweli. "Darasani kwetu hakuna anayekwenda. Faudhia haendi, Honoratha haendi, hata Bhoke wa kwa Mwita haendi. Tuna mechi ya netiboli Jumamosi."

Akasimama akisubiri kama kuna swali jingine. Halikuwepo, akatoka.

Waisiko alikunywa chai yake yote. "Nani atamwoa huyu?" alisema hatimaye, kwa uchovu zaidi kuliko ubaya.

"Sijui. Ana miaka kumi na moja."

Alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamfungia furushi la mahindi mabichi nyuma ya kiti. Kisha akasema, dereva akisikia, "Mwambie shemeji Magige, bibi akitaka kumwona mjukuu wake nauli natuma leo, na kitanda kipo. Gati hatoki hapa mpaka shule zifunguliwe."