Nilichokiona Ndani ya Ng'ombe Wetu

Ng'ombe wetu asingepelekwa kupimwa kama si mimi. Amri ilipotoka, baba aliisikia, akatema mate pembeni, akaendelea kunoa panga lake. Ilisemwa kwamba kila mtu anayeuza maziwa mjini Lushoto, iwe kwa wazungu wa bomani au kwa wenye maduka, amlete ng'ombe wake uwanjani achomwe sindano ya kupima ugonjwa. Asiyemleta, maziwa yake yasinunuliwe. Baba aliona ni afadhali kuacha kuuza mjini, tuwauzie majirani. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania.

"Baba, ni sindano ndogo tu. Hata damu haitoki."

"Umeiona wapi?"

"Bwana mifugo alinionyesha."

Hilo lilikuwa kweli. Bwana mifugo wa upande wetu alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwembamba, mwenye baiskeli ambayo kwa milima ile aliisukuma kuliko alivyoipanda. Kila Jumamosi, shule ikifungwa, nilimbebea sanduku lake la dawa kutoka kijiji hadi kijiji. Nilikuwa darasa la sita. Lakini sikutaka kuwa kama yeye. Nilitaka kuwa kama mzungu aliyekuwa juu yake, daktari wa mifugo hasa, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba iko shule kubwa Uganda ambako hata Mwafrika anaweza kusomea udaktari huo. Nilikuwa na daftari moja nililolitenga kwa kazi hiyo tu. Humo nilichora ng'ombe, na ndani ya ng'ombe nikachora moyo, maini na matumbo, kadiri nilivyokisia.

Niliyemchora alikuwa ng'ombe wetu. Alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni, mnene, manyoya yanang'aa. Nyumba yetu ilikuwa mtelemkoni, chini ya msitu wa Magamba ambako baba alifanya kazi ya kukata mbao, na kwa baridi ya kule ng'ombe alilala ndani pamoja nasi, upande wa chini, tukitenganishwa naye na fito tu. Nilikulia katika joto lake. Watu waliokuja kutusalimu walimsifu kabla ya kuuliza habari za watoto.

Kukamua ilikuwa kazi yangu, alfajiri kabla ya shule. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka saba, alimshika ndama pembeni ili asinisumbue. Ujira wake ulikuwa povu. Nilimkingia kikombe cha bati chini ya chuchu, nikakijaza, akanywa maziwa yangali na joto la ng'ombe, akabaki na masharubu meupe. Tulikuwa tunaficha. Mama alikuwa amepika kwa mzungu mmoja kabla hajaolewa, akatoka huko na sheria moja, kwamba maziwa yasiyochemka hayaingii kinywani mwa mtu wa nyumba yake. Sisi tuliona ni uzungu tu. Mimi nami nilikunywa, tena kuliko yeye.

Kwa karibu mwaka mzima mdogo wangu huyo alikuwa na matezi shingoni. Yalianza kama punje ya harage chini ya taya, yakaongezeka, kisha moja likapasuka likawa kidonda kisichofunga. Mama aliliosha kwa maji ya chumvi, akalifunika kwa majani. Baba alimpeleka kwa mganga upande wa Soni, akarudi na hirizi. Mtoto alicheza, alicheka, alikula. Tulizoea kile kitambaa shingoni mwake.

Basi baba akakubali. Asubuhi ya siku ya sindano nilimwongoza ng'ombe mimi mwenyewe, kamba mkononi, daftari langu kwapani, baba akinifuata nyuma. Uwanjani kulikuwa na ng'ombe kama ishirini. Bwana mifugo alinyoa manyoya kidogo shingoni mwa kila mmoja, daktari mzungu akakunja ngozi kwa vidole, akaipima unene kwa chuma, akachoma. Ilikwisha mara moja. Damu haikutoka, nikamtazama baba nikitaka aone kwamba nilisema kweli.

"Siku ya tatu mrudi," bwana mifugo akatangaza. "Ngozi ikiwa kama ilivyo leo, mzima. Ikivimba, mgonjwa."

Nilijua jibu. Siku mbili hizo sikuangalia hata mara moja, maana ni nani humtafutia maradhi ng'ombe mnene? Siku ya tatu asubuhi nilipomfungulia, mkono wangu ulipita shingoni mwake nikahisi kitu. Kilikuwa kikubwa kama yai la kuku, kigumu, kina moto. Nikajiambia ameumwa na mdudu. Nikamwambia baba hivyo, naye akatangulia njiani.

Daktari hakuhitaji hata kile chuma chake. Alikigusa kile kivimbe, akatikisa kichwa, akamwambia bwana mifugo maneno ya Kiingereza. Kati ya ng'ombe wote wa uwanja ule, ni watatu waliovimba, na wetu ndiye aliyenona kuliko wote.

"Huyu atachinjwa leo," bwana mifugo akasema taratibu.

"Ng'ombe yupi?" baba akauliza, ingawa mkono wa bwana mifugo ulikuwa juu ya mgongo wa ng'ombe wetu.

"Huyu, mzee."

"Huyu haumwi. Mtazameni! Anakula, anazaa, anatoa maziwa. Mnachinja mzima mnaacha waliokonda?"

Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Nakumbuka nilitaka kuiachia nikashindwa kufungua vidole, mpaka mfanyakazi wa machinjio akavifungua kimoja kimoja, kwa upole, kama anayemfungulia mtoto.

Machinjio yalikuwa karibu na kijito, sakafu ya saruji na paa la bati. Nilikaa nje mpaka sauti zikanyamaza. Kisha bwana mifugo akatokea mlangoni.

"Ulisema unaitaka kazi hii," akaniambia. "Njoo."

Sikumwona kuwa mkatili wakati ule, wala simwoni hivyo leo. Nadhani alitaka nisibaki na uchungu bila sababu zake. Niliingia, daftari langu mkononi. Ng'ombe wetu alikuwa amekwisha kuchunwa, wekundu wake umeondoka, nikajikaza kwa kujiambia kwamba si yeye. Daktari alikuwa ameinama juu ya mapafu yaliyowekwa mezani. Nilitazamia kuona kitu kama nilichokichora. Badala yake niliona mapafu yamejaa vinundu, vidogo kama mtama na vikubwa kama kunde, na ndani ya mbavu vimetanda vingine, vimeshikana kama lulu zilizotungwa. Daktari akapasua kimoja. Kisu kilikwaruza, kana kwamba kimekutana na mchanga. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano, kizito, kama maziwa yaliyoganda yakaharibika.

Nilikijua kitu kile. Nilikuwa nakiona kila mama alipofungua kitambaa cha shingoni mwa mdogo wangu.

Nilimwona daktari akihamia kwenye kiwele, akikipasua katikati, na humo pia, katikati ya nyama ile iliyokuwa bado inachuruzika maziwa, mlikuwa na vinundu. Akasimama wima. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, polepole, "Nyumbani kwenu, iko mtu nakunywa maziwa bila kuchemsha?"

Nikasema hapana.

Kisha nikatoka mbio. Nilitapika kando ya kijito, nikanawa, nikakaa juu ya jiwe. Sikulia. Nilikuwa najaribu kuhesabu asubuhi ngapi, vikombe vingapi, hesabu ikanishinda nikaanza upya, ikanishinda tena.

Nyuma yangu kukatokea zogo. Majirani walikuwa wamekuja na vikapu, kama ilivyo desturi ng'ombe akichinjwa, nao walikuwa wameona jinsi nyama ile ilivyonona. Sasa wafanyakazi walikuwa wanaitupa shimoni na kuimwagia mafuta ya taa. Mama mmoja mzee alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga kelele kwamba hajaona laana kama hii tangu azaliwe. Wengine walimtazama baba, kama kwamba yeye ndiye aliyeitupa nyama ile. Baba alisimama pale mpaka shimo likafukiwa. Kisha akaondoka kwenda nyumbani bila kuniita.

Nilirudi ndani kwa sababu nilikuwa nimelisahau daftari. Nilimkuta bwana mifugo ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, amelifungua magotini.

"Moyo umeuchora upande usio wake," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimwambia kila kitu, povu, kikombe cha bati, kidonda cha shingoni, na kwamba nimemdanganya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia si kosa langu. Aliniuliza tu mdogo wangu ana umri gani na kidonda kina muda gani, kisha akachana karatasi kwenye daftari lile lile, akaandika barua kwa daktari wa hospitali ya misheni.

"Mpe mama yako. Usimpe baba, atampeleka mtoto kwa mganga. Na mwambie wewe mwenyewe, usiache barua iseme."

Nilimkuta mama mekoni. Habari za ng'ombe zilikuwa zimekwisha kufika, pamoja na neno la kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye maziwa. Alikuwa ameketi, sufuria ya maziwa iko mbele yake, tupu, imesuguliwa ikang'aa.

"Nilichemsha," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Kila siku ya Mungu nilichemsha. Mimi sijampa mtu maziwa mabichi nyumba hii."

"Mama, mimi nilimpa."

Alinitazama kama mtu asiyeijua lugha.

"Ulimpa nani?"

Nikamtaja mdogo wangu. Nikampa barua, ingawa alikuwa hajui kusoma. Nilingoja kofi. Ningelifurahia kofi. Mama aliinuka, akamwita mtoto kutoka nje, akamfungua kitambaa shingoni, akakitazama kile kidonda kwa muda mrefu, huku mtoto akiuliza, "Mama, kuna nini? Mama?" Halafu akajitanda kanga, akambeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka saba, miguu inaning'inia, akashika njia ya hospitali jua likiwa limekwisha kuinamia magharibi. Hakuniambia nimfuate wala nibaki. Nilifuata kwa mbali.

Daktari wa misheni aliisoma barua, akamgusa mtoto shingo, akasema ni kifua kikuu cha matezi. Mama akamuuliza, "Ni yule ng'ombe?" Akajibu kwamba huenda, lakini hawezi kuapa, kwani ugonjwa huu hutoka pia kwa watu. Mama alishukuru. Kwa miaka mingi nililishika hilo neno "huenda" kama kamba, ingawa mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuona kiwele kimepasuliwa.

Mdogo wangu alilazwa miezi mingi. Alichomwa sindano siku baada ya siku mpaka akawa anamgeuzia muuguzi upande bila kuambiwa. Alipona. Kovu lilibaki chini ya sikio, limekunjamana kama kitovu. Mimi nilipimwa pia, sikukutwa na kitu. Nilikunywa mara mbili ya alivyokunywa yeye, nikatoka mzima, na sijapata kulielewa jambo hilo mpaka leo, hata baada ya kulisomea.

Baba hakunisemesha karibu msimu mzima. Si kwa ajili ya mtoto, maana mama hakumweleza habari za kikombe, ila kwa ajili ya ng'ombe. Nami sikumbebea bwana mifugo sanduku lake tena. Nilipomwona njiani nilisema "Shikamoo" nikapita. Mtu akiniuliza nitakuwa nani, nilisema karani.

Aliyenirudisha ni mdogo wangu. Siku moja nilimtembelea hospitali, akaniuliza ng'ombe alikuwaje ndani. Alikuwa amesikia watoto wengine wakisimulia kwamba alikutwa na nyoka. Nikamwambia hakukuwa na nyoka, nikaomba kalamu kwa muuguzi, nikamchorea mapafu na vile vinundu. Alitazama sana.

"Sasa ng'ombe wa watu wengine nani anawatazama?" akauliza.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja bwana mifugo penye daraja.

Uganda sikufika. Kiingereza changu hakikutosha, na waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Nilipomaliza shule nilipata nafasi Mpwapwa, kusomea kazi ile ile ya kusukuma baiskeli, kazi ambayo hapo zamani niliiona ndogo. Nilikwenda kumwambia baba alipokuwa anapalilia mahindi. Nilimwambia habari ya nafasi ile, na kwa kuwa nilikuwa naondoka, nikamwambia na habari ya povu, ambayo alikuwa hajaijua miaka yote hiyo.

Aliliacha jembe ardhini. Alikaa juu ya tuta, mgongo amenipa mimi, uso ameuelekeza bondeni.

"Kwa hiyo angeendelea kuishi yule ng'ombe," akasema, "mtoto angeendelea kunywa."

"Ndiyo, baba."

"Nami nilikataa asipelekwe."

Alinyoosha mkono, nikamsaidia kusimama, akaliokota jembe.