Siku Nyepesi ya Kwenda Kiranjeranje

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kilwa Masoko, nilikabidhiwa baiskeli kabla sijakabidhiwa shati la kazi. Karani wa bohari aliisukuma mpaka mlangoni, akanitazama miguu, akasema, "Shati litasubiri. Ukishindwa hii, shati la nini?" Nilicheka. Nilidhani kazi ya kuchanja ndui ni ya mikono. Kumbe enzi zile za Mwingereza ilianzia makalioni!

Nawaandikia ninyi mnaopanda bodaboda hata kwenda kununua chumvi. Ndui hamkuiona, mshukuruni Mungu. Iliingia nyumbani ikazika watoto, na iliowaacha hai iliwaachia nyuso zenye mashimo, wengine ikawapofua. Dawa yake ilikuja katika vichupa vyembamba vya kioo, na jua kali liliiharibu, ndiyo maana tuliviringisha kopo lake kwa kitambaa kibichi na kuondoka alfajiri. Ukifika unaosha mkono wa mtu, unadondosha tone, halafu unakwaruza ngozi kwa sindano juu ya tone lile, taratibu, damu isitiririke. Kidonda kikitunga usaha baada ya siku kadhaa, tunasema chanjo imeshika.

Mwanafunzi wa kazi kama mimi hakugusa sindano. Niliosha mikono ya watu, nilichota maji, niliziba pancha. Msafara wetu ulitoka Masoko, ukashuka kusini mpaka Lindi, kisha ukapanda milima ya Rondo. Ukifika Rondo kwa miguu yako, umeajiriwa. Usipofika, unarudi kwa mama yako kupalilia mihogo. Na mama yangu alikuwa mjane, alishawatangazia majirani wote kwamba Selemani wake ni mtu wa serikali. Ningerudi na uso gani?

Mkuu wa msafara alikuwa Msimamizi wa Wachanjaji, Mzee Bakari, mtu mrefu wa kabila la Wamachinga, mwenye sauti ya chini. Sijapata kuona kiongozi kama yule, na nimetumikia wengi. Hakupiga kelele hata siku moja. Alipokasirika alikuwa anafuta miwani, basi, na sisi tukajua maji yamezidi unga.

Tatizo langu lilikuwa kiti cha baiskeli. Barabara ya Kilwa ilikuwa mchanga mtupu, gurudumu linazama, unakanyaga pedali unabaki palepale. Tulipolala Mandawa makalio yangu yalikuwa yameota malengelenge, na mengine yalishapasuka. Nilijikaza kiume, sikumwambia mtu. Usiku nililala kifudifudi nikasingizia kwamba ndivyo nilivyozoea tangu utotoni.

Sasa, Mzee Bakari alikuwa na desturi yake. Baada ya siku ngumu aliweka siku nyepesi, safari fupi ya kupoza miguu, na siku hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye aliyetangulia mbele. Hakuna kumpita. Akienda polepole, wote polepole. Akishuka, wote chini. Siku za kawaida alitangulia mwenye nguvu, lakini siku nyepesi ilikuwa ya mchovu.

Asubuhi ile pale Mandawa akauliza, "Haya wanangu, leo anatangulia nani?"

Kila mtu akajifanya anakagua gurudumu lake. Nani akiri uchovu mbele ya wanaume wenzake? Ndipo Josefu, Mmwera wa Rondo, mchanjaji mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Mzee, mtangulize Selemani. Jana kaendesha amesimama njia nzima, utadhani kiti kina siafu."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Bakari hakucheka. Aliniambia tu, "Tangulia, mwanangu. Ukiweza kupanda, panda. Ukishindwa, kokota. Sisi tuko nyuma yako."

Nilipanda kidogo, nikashindwa. Nikashuka, nikaanza kukokota baiskeli nikichechemea, miguu nimeitanua kama mtoto aliyetoka jandoni. Nikasikia nyuma yangu baiskeli zote zinashuka, kila mtu anakokota ya kwake. Wanaume wazima, wazima wa afya! Hakuna aliyenung'unika. Niliona aibu na nikaona raha, vyote kwa pamoja.

Jua halijapanda sana, lori likatupita kwa kishindo na kutumwagia vumbi. Lilikuwa la Bwana Afya, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wakuu wetu. Alikuwa anawahi Kiranjeranje, kijiji tulichokuwa tunakwenda, kututayarishia uwanja wa kuchanjia. Mzee Bakari alilowesha tena kitambaa cha dawa, tukaendelea.

Mbele kidogo tukaanza kukutana na watu. Wanawake wenye watoto mgongoni, wazee, wanatoka kijijini wanaingia maporini. Aliyekuwa akiendesha baiskeli angewapita tu. Sisi tulikuwa tunatembea kwa mwendo wao wenyewe, utampitaje mtu bila kumsalimu? "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Umepatwa na nini mguuni?" "Si mguuni, mama, juu zaidi." Aka! Walivyocheka! Mzee Bakari akawasalimia kwa Kimachinga, akauliza habari za mihogo na nguruwe wanaoila, habari za wagonjwa, habari za aliyejifungua. Mmoja akageuza njia akaandamana nasi, kisha wengine. Bibi mmoja, Bi Somoe, alinikatia majani fulani, akaniagiza nikifika niyaponde nijikande nayo, na kwa kuwa alitaka kuhakikisha nayafuata maagizo yake, naye akafuatana nasi.

Tulipoingia Kiranjeranje tulikuwa kundi la watu kama harusi.

Bwana Afya alikuwa amekaa peke yake katikati ya uwanja, benchi zote tupu. Hakukuwa na mtu kijijini isipokuwa jumbe, mkuu wa kijiji, na kuku. Uso umemwiva kwa jua na hasira. Hakuwatazama watu, alitazama saa.

"Bakari! Nyinyi wote mnatembea kwa miguu! Baiskeli za kazi gani? Nani amewachelewesha?"

Mzee Bakari akavua miwani, akaanza kuifuta. Maji yalishazidi unga!

"Ni mimi, bwana," nikasema. Sauti ilitoka yenyewe.

"Basi. Lori linarudi Masoko jioni. Utapanda. Hatutaki watu wagonjwa katika msafara."

Nikamwona akilini mama yangu na majirani zake. Machozi yalinilengalenga, sifichi. Mzee Bakari akavaa miwani yake na kusema, kwa sauti ileile ya chini, "Bwana, ukimpakia huyu, nipakie na mimi. Leo nilimpa yeye uongozi. Na kabla hujatupakia, inua macho utazame nyuma yetu."

Bwana Afya akainua macho. Akawaona. Akamuuliza jumbe, "Hawa walikuwa wapi?"

Bi Somoe hakumsubiri jumbe. "Tulikuwa tunakukimbia wewe! Gari likija mbio, ndani kuna askari au kuna kodi. Lakini huyu mtoto anayechechemea, huyu atamkamata nani?"

Jumbe aliona haya kwa maneno yale, na Bwana Afya, aliyejua Kiswahili, aliyaelewa vizuri. Aliushusha mkono wenye saa. Kisha akacheka, akavua kofia, akaenda mwenyewe kusogeza benchi kivulini, na lazima nimsifu kwa hilo. Jioni lori lilirudi Masoko bila mimi.

Mchana kutwa tulichanja. Bi Somoe alipofika kwa Josefu akauficha mkono chini ya kanga. "Wewe sikutaki. Anichanje yule mgonjwa wangu." Nikasema siruhusiwi. Mzee Bakari akaichovya sindano katika spiriti, akaipitisha motoni, akanipa. "Mkono umekuita, mwanangu. Itika." Nikauosha mkono wake, nikadondosha tone, nikakwaruza taratibu. Huo ndio ulikuwa mkono wa kwanza niliochanja maishani.

Rondo nilifika kwa miguu yangu, nikapewa shati. Baadaye nilipangiwa Lindi chini ya Mganga wa Wilaya, mtu mkali lakini wa haki, kisha Nachingwea, kisha nikarudi Kilwa nikiwa Msimamizi mimi mwenyewe. Nilipata wakubwa waliosoma na wakubwa wenye magari. Niliwaheshimu. Lakini kila nilipoingia kijiji kigeni nilishuka baiskeli kabla ya nyumba ya kwanza, nikakokota, nikasalimu. Waliokuwa chini yangu walinung'unika kwamba nachelewesha kazi, nikawaacha wanung'unike.

Nilipostaafu walinipa saa na hotuba ndefu. Mzee Bakari alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na ndui nayo ilikuwa imekwisha, haipo tena. Wajukuu wangu hunishika mkono na kuniuliza hili kovu pana la begani ni la nini. Nawaambia ni chanjo ya ndui. Wanajitazama mabegani, wanatafuta la kwao, hawalioni. Nami nakaa pale nawatazama wakitafuta, najisikia mtu tajiri.