Maswali ya Mama Tina juu ya Nyota

Geneviève alikuwa mkulima wa viazi kutoka kijiji cha Bule, lakini katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, mashariki mwa Kongo, kila mtu alimwita Mama Tina, kwa jina la binti yake. Wawili hao walifika hapo mwaka 2003, wakikimbia vita, baada ya kutembea siku tatu. Masomo ya mama yalikuwa yameishia darasa la tatu la msingi.

Hema lake lilipakana na turubai ambalo chini yake mwalimu Dominique alifundisha fizikia. Vitabu vyake vilikuwa vimeungua, kwa hiyo alifundisha aliyoyakumbuka na aliyoyasikia katika redio ya Kifaransa. Mama Tina alichambua maharage pembeni, akisikiliza.

Asubuhi moja mwalimu alisema kwamba ulimwengu unapanuka, na makundi ya nyota yanazidi kuachana. Mama Tina akaweka ungo chini.

"Mwalimu, unisamehe. Zinatukimbia siye? Basi siye tuko katikati?"

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu akaazima ukanda wa mpira, ule watu hufungia mizigo kwenye baiskeli, akauchora alama za chaki, akampa ncha moja.

"Vuta, mama."

Wakavuta, na alama zote zikaachana.

"Ukisimama kwenye alama yoyote, utaona zingine zote zinakuacha," alisema. "Kila moja itafikiri ndiyo iko katikati."

Mama Tina aliutazama mpira. "Lakini hizi alama hazitembei. Mpira ndio unavutika."

"Ni hivyo kabisa," mwalimu akajibu, na wanafunzi hawakucheka tena.

Juma lililofuata mwalimu alieleza maada ya giza, yaani kitu chenye uzito ambacho hakuna anayekiona. Nyota za pembeni mwa kundi zinazunguka kwa kasi ambayo ingepaswa kuzitupa nje; uzito wa vyote vinavyoonekana hautoshi kuzishika.

"Basi ni sawa na mimi nikibeba gunia la maharage," Mama Tina alisema polepole. "Likilemea shingo kuliko maharage niliyotia, minajua kuna kitu ndani, hata kama sikioni."

"Ndiyo, mama."

"Iko nini ndani?"

"Sijui. Hata wenye darubini kubwa hawajui. Wanatafuta."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Kambini kila mtu alijua kila kitu: nani alichoma nini, nani atashinda, vita vitaisha lini. Huyu aliyesoma kuwapita wote alisema hajui, na hakuona haya.

Siku chache baadaye jirani yao Lambert alikuja akitangaza kwamba barabara ya Bule imefunguka. Watu wakaanza kufunga vitu vyao. Tina alikwisha kunja blanketi.

"Baba Lambert, weye umeiona kwa macho?" Mama Tina akauliza.

"Watu wote wanasema."

"Nani ameenda, akarudi?"

Lambert akaenda na habari yake hema lingine. Tina alikasirika, akasema wamechoka kulala kwenye tope. Mama akamwambia wangoje mtu mmoja tu arudi na habari.

Familia sita ziliondoka. Siku ya tatu zilirejea mikono mitupu, miguu imevimba, lakini wote hai. Waliporwa kila kitu kabla ya kufika. Mama Tina aliwapikia uji.

Yeye na Tina walirudi Bule miaka miwili baadaye. Viazi vya msimu wa kwanza vilitoka vidogo, ila vilitosha kula mpaka mvua nyingine.