Pezi la Ubao wa Ndeshi

Mwanangu, ipo siku moja pale Ziwa Duluti ambayo nikiikumbuka hadi leo nafura. Najikasirikia mwenyewe, na nakukasirikia wewe unayefanya vilevile kwenye vitu vya watu huku una cheti ukutani. Mimi niliishia darasa la nne, ufundi nikauiba kwa macho.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vimeanza kumiminika Arusha. Wenye nafasi wakaleta boti za mwendo kasi, na ubao wa kuteleza majini. Ubao wenyewe mmoja tu: miguu yote miwili unaifunga juu yake kwenye viatu vya mpira, mmoja mbele, mwingine nyuma, boti inakuvuta kwa kamba. Chini ya mkia kuna pezi la chuma, kama la samaki. Kuzirekebisha mbao hizo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ndeshi, binti wa mfanyabiashara Mchaga wa Kibosho aliyehamia Themi, hapo Arusha, alikuwa amebakiza wiki moja ashindane. Mwaka mzima alijiandaa. Akaniletea ubao wake.

"Kaka, nikikata kona mkia unaponyoka. Shusha pezi, unene wa kucha tu. Viatu usiguse."

"Dada, wewe kateleze. Ufundi tuachie wenyewe."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi hata kuogelea sikujua. Lakini bisibisi ilikuwa mkononi na kiburi kichwani. Nikashusha pezi, nikalisogeza mbele, na viatu nikavipeleka mbele tundu moja. Vyote kwa mpigo, bila kuweka alama hata ya ncha ya msumari.

Akaingia ziwani kuujaribu. Kona ya kwanza tu, pua ya ubao ikazama, Ndeshi akarushwa mbele kama gunia. Walipomtoa majini goti lilikuwa limeshavimba. Nami nikafungua mdomo nikasema hajui kuukanyaga.

Mzee Kaaya wa Nkoaranga, aliyekuwa akiendesha boti, akauinua ule ubao, akaugeuza.

"Pezi lilikuwa wapi kabla hujaligusa?"

"Hapo hapo karibu, mzee."

"Karibu na wapi? Na mji wa Kikatiti?"

Nikaanza kumwonyesha kwa kidole: pezi nimelishusha, nimelisogeza, na viatu pia.

"Umesogeza vitu vitatu. Hujui kipi kimemwangusha, na kurudisha huwezi. Halafu unamsingizia yeye. Wewe si fundi. Wewe ni mtu mwenye bisibisi."

Kesho yake akachuma jani la isale, akanitia mkononi, akanisindikiza Themi. Kwa Wachaga, anayekuja na isale amekuja kukiri kosa, hafukuzwi. Ndeshi akalipokea, mguu kaunyoosha juu ya stuli.

"Nimekusamehe, Kaka. Lakini kushindana siendi tena. Hilo, jani haliwezi kulirudisha."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Mimi sikusikia, guu likaumia la mwenzangu. Mimi nilirudi nyumbani nikala ndizi nikalala.

Basi nisikilize, maana sirudii. Kabla hujagusa kitu cha mtu, weka alama kilipo. Sogeza kimoja, kijaribu, ndipo uguse cha pili. Anayekitumia akikwambia kinamuuma wapi, nyamaza umsikie, hata kama ni mdogo wako, hata kama ni mwanamke. Na ukiharibu, sema umeharibu wewe, tena siku ileile.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako, mwanangu, na kazi ya mikono yako isimwangushe mtu.