Kejeli ya Bibi Mizizi

Alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Wateja walimpendea hilo: ukinenepa atakwambia peupe, kisha atakupanulia mshono bure. Mchana, duka likipoa, aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo akaingia kwenye gemu lake la mtandaoni. Huko aliitwa Bibi Mizizi, mganga mkongwe asiye na breki mdomoni.

Kundi lao lilikuwa na sharti moja: ukishaingia, wewe ni yule uliyemvaa. Husemi "nguvu zangu zimebaki kidogo kwenye kipimo"; unasema "jamani, magoti yamelegea." Katika gemu hilo, aliyeuawa huinuliwa na mganga, lakini mpaka mwenyewe abonyeze kitufe cha kukubali. Asipobonyeza hulala palepale, na kwa sharti lao lazima atoe sababu ya kimchezo.

Siku hiyo Mkuki, mchezaji mpole aliyekuwa nao tangu mwanzo, aliangushwa na wezi wa msituni. Bibi Mizizi akamfanyia dawa. Mkuki hakubonyeza.

"Inuka, mwanangu, dawa inapoa," akamwandikia.

"Niache, Bibi. Aliyekuwa akiningoja nyumbani hayupo tena. Mke wangu nimemzika."

Fundi akatabasamu. Kumbe mwenzetu anajua kuigiza hivi! Naye hakutaka kuachwa nyuma. Vidole vikamtangulia: "Mke ni kama kuni, utaokota mwingine hukohuko msituni. Inuka, unatuzibia njia!"

Wenzao wakaangua vicheko. Mkuki akatoka bila kuaga.

Kabla fundi hajafunga duka, kiongozi wa kundi alimtumia ujumbe: "Bibi, Mkuki hakuwa anaigiza. Kweli amefiwa na mkewe."

Uso ulimwiva kwa aibu. Akaigeuza simu kifudifudi, kana kwamba ilikuwa inamtazama. Mdogo wake, aliyekuwa akipiga pasi magauni ya wateja, akamuuliza kulikoni. Akamsimulia, kwa sauti ya chini kama mtoto aliyevunja chombo.

"Sasa dada, si hukujua?"

"Sikujua. Lakini mtu amesema amezika, hata kama ni mchezo, mimi nikatafuta kuchekesha."

Mdogo wake akarudi kwenye pasi.

Fundi aliandika akafuta, akaandika akafuta. Alipoandika kama Bibi Mizizi, maneno matamu yalikuja yenyewe. Aliyaona ya uongo. Mwishowe akatuma: "Kaka, mimi ni fundi cherehani. Mdomo ule si wa Bibi, ni wangu. Pole sana kwa msiba. Nisamehe."

Jibu lilikuja kesho yake. "Asante, dada. Nilishindwa kuwaambia hivihivi. Nikaona nikisema kama Mkuki, huenda ikatoka." Basi. Msamaha hakuugusia.

Mkuki alirudi mchezoni baada ya muda mrefu. Wakaingia pangoni, waganga wakiwa wawili, na Mkuki akaangushwa tena. Bibi Mizizi alikuwa karibu naye kuliko wote, dawa mkononi.

"Aje yule mganga mwingine, tafadhali," Mkuki akaandika.

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi akarudi nyuma akampisha mwenzake, masikio yakimchoma, na mteja aliyekuwa mlangoni akabisha hodi mara ya pili ndipo akamsikia.